SANDUKU LA WASOMAJI: James Earl Jones hakuwa sauti ya Mufasa tu

Toleo lililopita tuliweka picha ya mzee James Earl Jones kwenye kona ya wasanii waliotutoka, tukaandika mistari miwili kwamba ndo aliyetia sauti ya Mufasa kwenye The Lion King na kwamba alifariki tarehe 9 Septemba 2024 akiwa na miaka 93. Mistari miwili, basi. Meseji zikamiminika, wengine wanauliza, wengine wanabishana, wengine wanatulaumu kwamba tumempunja mzee wa watu, na waliotulaumu wana haki. Kwa hiyo ukurasa wote wa leo ni wake. Nampenda sana huyu muigizaji na siwezi kuficha, twendeni.

SWALI: Shikamoo Anko. Mi nimekua na Lion King toka niko chekechea, nilijua Mufasa ni mtu tu wa studio anaetia sauti za katuni. Nyie mkaandika "muigizaji mkongwe". Mkongwe wa wapi, alianzia wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaa vizuri mana hapa nitaongea sana.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1931 sehemu inaitwa Arkabutla, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, enzi ambazo mtu mweusi huko alikua anaishi chini ya sheria za ubaguzi kuanzia bombani mpaka shuleni. Baba yake alishaondoka, akalelewa na babu na bibi wazaa mama, na alipofika kama miaka mitano wakahama wote kwenda kaskazini, Michigan, kulima. Kwa hiyo ni mtoto wa shamba kabisa yule, kuku, ng'ombe, baridi kali.

Chuo Kikuu cha Michigan aliingia akiwa anaelekea udaktari, akaona masomo hayamwingii, akahamia drama. Akapita jeshini pia, akawa ofisa. Miaka hiyohiyo ya 50, ule ukumbi wa maigizo wa Ramsdell pale Manistee, Michigan, ndo ukampokea, na usidhani walimpokea kama staa, alianza kama fundi seremala wa jukwaa, anapigilia mbao za wenzake waigize, huku taratibu akipewa nafasi za kuigiza, na Othello, ile tamthilia ya Shakespeare, mara yake ya kwanza aliicheza hapohapo. Baada ya hapo New York, anasoma uigizaji huku anajikimu kwa kazi ya usafi. Mwaka 1958 akapata nafasi Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York, kwenye tamthilia ya Rais Roosevelt, nafasi ya mtumishi wa nyumbani, maneno machache tu, ukumbi ulikua unaitwa Cort. Sasa ukumbi uleule mwaka 2022 ulibadilishwa jina, leo unaitwa James Earl Jones Theatre. Yuko hai anaona! Mimi hii habari hata niisome vipi bado inanipa raha.

Afu kuna hii ambayo sisi Watanzania tutaielewa haraka. Waliosoma Mabepari wa Venisi, ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969, mnamkumbuka yule mwana wa mfalme wa Moroko anaekuja kumposa Porshia, anaambiwa achague kasha, anachagua la dhahabu, anakosa? Basi mwaka 1962 kwenye maonyesho ya Shakespeare ya bure pale bustani kuu ya New York, James Earl Jones ndo alicheza huyo Mmoroko. Shailoki, yule mkopesha hela, alikua George C. Scott. Dairekta Stanley Kubrick akaja kumwangalia Scott kwa ajili ya filamu yake, akamwona na yule Mmoroko, akawachukua wote wawili. Ndo ikawa filamu ya kwanza ya mzee, Dr. Strangelove, 1964, amekaa ndani ya ndege ya mabomu na wenzake. Alikua na miaka 30 na kitu, ameshapiga jukwaa miaka kibao. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "alibahatika kuwa na sauti nzuri", mwambie akasome kwanza hii miaka ya useremala na kudeki.

SWALI: Anko habari za kazi. Nina mtoto wa kiume miaka 10, ana kigugumizi kikali lakini anapenda drama kufa. Shuleni wanamcheka. Nimesikia huyu mzee nae alikua na kigugumizi, ni kweli ama ni stori za kutia watu moyo? (Mama wa mtoto mmoja, Mombasa)

JIBU: Dada'angu, ni kweli tupu, na alikieleza mwenyewe mara nyingi mpaka kwenye kitabu cha maisha yake.

Kile kigugumizi kilimshika utotoni, wakati ule ule wa kuhama kwenda Michigan, kikamtesa mpaka akaamua kunyamaza. Kama miaka minane hivi shuleni hakuongea kitu cha maana, alikua anaandika kwenye karatasi, nyumbani anaongea kidogo na ndugu zake na mifugo. Yule ambae dunia nzima ilikuja kuitambua kwa sauti! Sekondari akakutana na mwalimu wa Kiingereza anaitwa Donald Crouch, ambae aligundua kwamba huyu kijana bubu anaandika mashairi kwa siri. Siku moja kijana kaandika shairi la kusifu balungi, lile tunda, mana wakati wa vita yalikua yameletwa mabalungi huko kwao kwenye baridi na yeye yakamkolea. Mwalimu akamwambia shairi zuri mno hili, sijui kama ni lako, thibitisha, simama mbele ya wenzako ulisome kwa kichwa. Akasimama. Akalisema lote bila kukwama.

Hapo Crouch ndo akaona njia. Akaanza kumpa mashairi ayasome kwa sauti, akamwingiza kwenye midahalo, kidogo kidogo. Na hili nataka ulishike vizuri: mzee hakuwahi kusema amepona. Mpaka uzeeni alisema kigugumizi bado anacho, ila amejifunza kuchagua maneno na kuyapanga kabla hayajatoka mdomoni. Ile namna yake ya kuongea taratibu, neno moja moja lina uzito, imetokana na hapo.

Sasa kwa mwanao. La kwanza mtafutie mtaalamu wa tiba ya usemi, hospitali kubwa za rufaa wapo, usisubiri mpaka awe mkubwa. La pili hapo nyumbani mumwache amalize sentensi zake mwenyewe, msimmalizie, msimwambie "pole pole" kila dakika, mwangalie usoni mpaka amalize. La tatu mpe vitu vya kukariri, watu wengi wenye kigugumizi wakiimba au wakisema kitu chenye mizani kinapungua kabisa, na wewe uko Mombasa dada'angu, mashairi na kaswida ziko mlangoni kwako, huhitaji kuagiza. Na kama shule yao inaingia kwenye mashindano ya drama ya shule, nenda kaongee na mwalimu, mweleze, apewe hata nafasi ya mistari miwili. Wanaomcheka waambiwe na mwalimu waache, hilo si la mtoto kulipigania peke yake.

SWALI: Nimesoma mahali eti baba yake nae alikua muigizaji. Sasa mbona mmesema alilelewa na babu? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Yote kweli. Robert Earl Jones, baba, alikua bondia kwanza kisha akawa muigizaji, aliondoka kwenye familia mtoto akiwa hajajua hata kuita baba. Hawakujuana mpaka James akiwa kijana mkubwa, amefika New York. Baba mwenyewe miaka ile alikua amepata pigo, waliwekwa kwenye orodha ya kunyimwa kazi wasanii wengi walioshukiwa siasa za mrengo wa kushoto, kazi za filamu zikakauka. Wakaishi pamoja kwa muda, wakajaribu kuzoeana, na mwaka 1962 wakasimama jukwaa moja kwenye tamthilia ya Moon on a Rainbow Shawl. Wakiangalia The Sting ya 1973 wasomaji wa zamani watamwona baba, ndo yule mzee Luther anaeuawa mwanzoni na kusababisha kisasi chote. Alifariki 2006 na miaka 96.

Sitaki kuipamba hii. Mtoto alishasema wazi kwamba ukaribu wa baba na mwana kwa maana yenyewe haukuwahi kuwepo, walikua ni watu wawili wa kazi moja wanaoheshimiana. Ndivyo ilivyokua.

SWALI: Niaje Anko. Hapa kwa mtaa tunabishana, Darth Vader ni James Earl Jones ama ni yule jamaa mrefu wa ndani ya ile suti nyeusi? Na alilipwa doo ngapi? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Poa sana. Wote mmeshinda. Darth Vader, yule adui wa kwenye filamu za Star Wars, mwili ni wa David Prowse, Mwingereza, mnyanyua vyuma, jitu la watu. Sauti ni ya mzee. Dairekta George Lucas alitaka sauti nzito zaidi, akamwita Jones studio, kazi ikaisha kwa masaa machache tu, malipo dola 7,000. Hiyo ni 1977, na yeye mwenyewe alisema zile hela zilimfaa sana wakati ule, hakuona ameibiwa. Jina lake hata halikuwekwa kwenye filamu mbili za kwanza, na sio kwamba walimnyima, mwenyewe ndo alikataa, alisema mchango wake ni sehemu tu ya ufundi wa sauti na picha, mwili ni wa mtu mwingine. Jina lilikuja kuwekwa kwenye ile ya 1983. Kuna kitu kingine kizuri, ile ya 1980 Vader anapomwambia Luke kwamba mimi ndo baba yako, mzee alipoisoma ile mistari mara ya kwanza alidhani Vader anadanganya!

Watu wengi wakisikia dola 7,000 wanakasirika kwa niaba yake, na mimi naelewa, filamu iliingiza mamilioni mengi. Lakini nikumbushe tu kwamba kule muigizaji ana chama, SAG-AFTRA ya sasa, na kazi ikirudiwa kuonyeshwa kwenye TV kuna malipo ya marudio yanakuja kwa miaka. Mtu wa kwetu aliyeuza filamu yake jumla kwa msambazaji Kariakoo enzi za DVD, haki zote, pesa mara moja, hata filamu ichezwe miaka 20 haimrudii kitu. Hapo ndo pa kukasirika, na sio kwa ajili ya mzee Jones bali kwa ajili ya wazee wetu wenyewe wanaochangiwa hela za matibabu huku sura zao ziko kwenye kila basi la mkoani.

SWALI: Anko mkongwe wote huo hana Oscar? Nimetafuta simuoni kwenye washindi. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Anayo, ila ya heshima, alipewa Novemba 2011. Na siku wenzake wanasherehekea Los Angeles yeye alikua London anafanya kazi, anacheza Driving Miss Daisy na Vanessa Redgrave, ikabidi Ben Kingsley amfuate jukwaani kulekule amkabidhi mbele ya watazamaji. Miaka 80 hiyo, anafanya shoo.

Ya ushindani aliteuliwa mara moja, kwa The Great White Hope, filamu ya 1970. Hii nataka niizungumzie mana hapa ndo alikotoka. Ilianza kama tamthilia, Washington 1967, Broadway 1968, na inatokana na maisha ya bondia Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mwaka 1908. Wazungu wa enzi zile hawakuvumilia, wakawa wanatafuta "tumaini jeupe" la kumpiga, walipomkosa ulingoni wakamfuata kwa kesi, sababu alikua anatoka na wanawake wa kizungu, akahukumiwa 1913, akakimbia nchi, akaja kupoteza mkanda Havana 1915. Jones akanyoa kipara, akafanya mazoezi mpaka mwili ukawa wa bondia kweli, na akaicheza ile hasira na ule ucheshi na ile kuvunjika moyo kila usiku. Akapata Tony, tuzo kubwa ya jukwaani kule Marekani, 1969. Filamu ilipotoka akawa mwanaume mweusi wa pili tu kuteuliwa Oscar ya muigizaji bora, baada ya Sidney Poitier.

Nani akashinda mwaka ule? George C. Scott, yule yule Shailoki wa 1962. Na akaikataa! Akasema haamini kushindanisha waigizaji. Kwa hiyo ile sanamu haikwenda kwa anaeitaka wala anaeistahili zaidi, kwa maoni yangu mimi.

Nyingine anazo: Tony ya pili 1987 kwa Fences ya August Wilson, alicheza Troy Maxson, baba mzoa taka mwenye uchungu wa maisha, ile nafasi ambayo wengi mmeiona kwa Denzel Washington kwenye filamu ya 2016. Grammy ya 1977 kwa kurekodi maandishi ya kihistoria ya Marekani. Emmy za TV nitazieleza hapo chini. Tony ya heshima ya maisha, 2017.

SWALI: Upande wa televisheni je? Mnaongelea filamu tu. (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Ndugu yangu TV ndo ilikua inamlipia kodi. Mwaka 1966 alikua daktari kwenye Guiding Light, tamthilia ya mchana, ile tunayoita isidingo kwa mazoea, na alikua miongoni mwa weusi wa kwanza kabisa kupata nafasi ya kudumu kwenye tamthilia za aina hiyo. 1979 akacheza mwandishi Alex Haley mwenyewe kwenye muendelezo wa tamthilia yake ya Roots, ana kipande na Marlon Brando anaecheza kiongozi wa wanazi wa Marekani, wamekaa chumba kimoja wanahojiana, hakuna ngumi wala bastola iliyofyatuliwa, na unatetemeka. Kitafuteni kile kipande.

Mwaka 1991 akachukua Emmy mbili usiku mmoja. Moja ya Gabriel's Fire, yumo kama polisi wa zamani aliyekaa jela miaka 20 akatoka kuwa mpelelezi, nyingine ya Heat Wave, filamu ya TV kuhusu ghasia za Watts kule Los Angeles 1965. Na ile sauti ya kituo cha CNN inayotaja jina la kituo, wazee wenye madishi ya miaka ya 90 mnaikumbuka, ndo yeye. Wengine mnamjua kwa Agano Jipya, alilisoma lote likarekodiwa.

SWALI: Assalam aleikum. Coming to America, yule mfalme wa Zamunda, baba yake Akeem, ndo huyu huyu? Kibanda umiza chetu walikua wanairudia kila Idi. (Msomaji, Unguja)

JIBU: Waaleikum salaam. Ndo yeye, mfalme Jaffe Joffer, 1988, na ngozi ya simba begani. Malkia ni Madge Sinclair, mama mzaliwa wa Jamaika. Na sasa sikiliza: miaka sita baadae, 1994, Lion King inatoka, Mufasa ni James Earl Jones na Sarabi mke wake ni Madge Sinclair. Mfalme na malkia walewale! Mama Sinclair alifariki mwaka uliofuata, 1995.

Kuna watu wanaichukia Coming to America kwa sababu Zamunda ni Afrika ya kubuni, tembo uani, dhahabu kila kona. Mimi naona pale mzee aliokoa kitu. Kila mtu kwenye ile filamu anachekesha, yeye hachekeshi, yeye ni mfalme. Anaingia Queens, kule New York, na msafara wake na anamtazama mwenye mgahawa wa baga kama mtu asiejua atamweka wapi, na unamwamini kwamba huyu kaamka asubuhi ikulu. Nyinyi vijana wa kibanda umiza mlikua mnamwona mtu mweusi mwenye enzi bila kuomba radhi, na mwaka 1988 hiyo haikua inaonekana hovyo. Alirudi tena kwenye ya pili, 2021, filamu imetoka yeye ameshafika miaka 90, na ndo ikawa mara ya mwisho kumwona kwenye filamu.

Na kwa vile umegusa Afrika, itafute Cry, the Beloved Country ya 1995, ilipigwa Afrika Kusini, yeye ni mchungaji Kumalo anaekwenda Johannesburg kumtafuta mwanae na kukuta ameua mtu. Ule unyenyekevu, ule mwendo wa mzee wa kijijini anaeshangaa mji, hapo hakuna ufalme hata kidogo. Ukimtoa Jaffe Joffer ukamweka Kumalo pembeni yake ndo utajua huyu bwana alikua nani.

SWALI: Nasikia sauti yake wanaitumia mpaka sasa na kafariki, wanatengeneza kwa kompyuta. Hii ni halali kweli? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Halali kwa maana ya sheria, ndio, mana alisaini mwenyewe. Ile tamthilia ya Obi-Wan Kenobi ya 2022 sauti ya Vader ilitengenezwa na kampuni ya Ukraine inaitwa Respeecher kwa kutumia akili mnemba, wakachukua rekodi zake za zamani wakairudisha sauti ya ujanani, na yeye alikubali, umri ulikua umeenda, sauti haiko vile. Baada ya kufariki, Mei 2025, mchezo wa kompyuta wa Fortnite ukamweka Vader anaeongea na mchezaji moja kwa moja, familia ikaridhia, lakini chama cha waigizaji SAG-AFTRA kikafungua malalamiko kwamba kampuni imeweka mashine bila kukaa mezani na chama kujadili.

Mimi niko upande wa chama. Mzee alikua na haki ya kuamua sauti yake na familia pia, hilo silipingi. Ila kuna kijana mahali fulani ambae angeitwa studio masaa machache akalipwa kama yeye alivyoitwa 1977, na huyo kijana hataitwa. Na nyinyi waigizaji wetu mnaotia sauti tamthilia za Kituruki na Kihindi kwa Kiswahili, mnasikia? Mkataba ukija someni kipengele cha matumizi ya sauti, kama kimeandikwa "kwa njia yoyote na wakati wowote" ulizeni maana yake kabla hamjasaini.

SWALI: Anko mimi ni muigizaji wa jukwaani, nina miaka 41, naambiwa nimechelewa. Ningependa kumwona huyu mzee akifanya kazi, nianze na ipi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Mdogo wangu, kwa vile wewe ni wa jukwaani nitakupangia kivyako, Star Wars iache kwanza. Anza na The Great White Hope, mwangalie mwili, mwangalie anavyobeba mabega bingwa akiwa juu na anavyoyabeba akiwa ukimbizini. Kisha Claudine ya 1974, yeye na Diahann Carroll, hapo ni mzoa taka anaependa mama wa watoto sita, anacheka, ana tumbo kidogo, ni mwanaume wa mtaani kabisa, na watu wanasahau kwamba alijua kuigiza mapenzi. Kisha Matewan ya 1987, mchimba makaa kwenye mgomo wa West Virginia wa 1920, nafasi si kubwa, angalia anavyosikiliza wenzake wakiongea. Kisha Kumalo niliyemtaja juu. Lion King angalia mwisho, usiku, umefumba macho, sikiliza mahali anapovuta pumzi. Mwaka 2019 walipoitengeneza upya walibadilisha karibu sauti zote, Mufasa wakamrudia yeye yeye, miaka 88.

Na kuhusu kuchelewa. Vuli ya 2015 mpaka Januari 2016 Broadway kulikua na tamthilia ya watu wawili tu, The Gin Game, wazee wawili kwenye nyumba ya kutunzia wazee wanacheza karata na kugombana. Hakuna wa kukuokoa ukisahau mistari, ni wewe na mwenzako mpaka mwisho. Mmoja alikua James Earl Jones, miaka 84. Mwenzake alikua Cicely Tyson, ambae alishacheza nae jukwaani toka mwanzo wa miaka ya 60, na mama huyo alikua na miaka 90. Shoo nane kwa wiki.